Kisu Hununuliwa kwa Mkono

Kila mwaka, jioni ya kuamkia Idi ya Kuchinja, meza za visu sokoni hujaa vijana. Nimeliona jambo hili tangu nilipoingia kazi ya bucha, enzi hizo nikimbeba mbuzi begani bila kuhema, na ningali naliona leo ambapo wajukuu ndio wanaonishika mkono nikivuka barabara. Kijana amenunua mbuzi kwa fedha nyingi. Amemzunguka, amemfungua mdomo kutazama meno, ameuliza anakotoka, ameondoka akarudi, ameshindana bei na mchuuzi tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na kwa hayo yote nampongeza. Kisha kisu cha kumchinjia mbuzi huyo anakichukua jua likishazama, kwa kufumba na kufumbua, kwa sababu kinang'aa.

Simlaumu. Amechoka, mfuko umepungua, na muuzaji amevipanga visu chini ya taa kwa ustadi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na jioni ile kibaya hutembezwa kwa sauti kubwa. Lakini asubuhi, watu wameshatoka kuswali na mbuzi ameshalazwa, kisu hakipati. Kijana anakandamiza, anarudia, jasho linamtoka, watoto wanafumba macho, na mnyama anateswa bure. Mtume wetu (s.a.w.) alituagiza tukichinja tuchinje vizuri, tunoe kisu, tumpumzishe mnyama. Agizo hilo haliwezi kutimizwa asubuhi ya Idi kwa chuma kisichokubali makali. Lilitakiwa kukumbukwa sokoni. Siku za Idi nilikuwa nikiitwa nyumba hadi nyumba, na katika nyumba nyingi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukipokea kisu kipya kwa heshima, kukiweka kando, na kuchomoa changu cha zamani chenye mpini mweusi kwa mafuta.

Wala si Idi tu. Mama lishe anayemenya muhogo tangu alfajiri, mvuvi anayepasua samaki kwenye ngalawa, bibi harusi anayepanga jiko lake la kwanza, wote huingia mtego ule ule. Jicho hupenda urefu, mng'aro, mpini wa rangi, meno ya msumeno mgongoni. Mkono ndio utakaokaa na kisu hicho miaka na miaka, na mkono hakuna anayeuuliza.

Basi wanangu, kabla ya kukigusa kisu chochote, jiulizeni mtakata nini. Kwa kuchinja mbuzi, bapa la inchi 7 au 8 latosha, lililonyooka, lisilo na meno, refu kuliko upana wa shingo ya mnyama ili kisu kipite mara moja bila ncha kukwama. Kwa samaki, chukua jembamba linalopinda kidogo lifuate mfupa. Kwa viazi na vitunguu, kisu kifupi kisichozidi urefu wa kiganja. Na nyumba yenye uwezo wa kisu kimoja tu, inchi 6 zitaihudumia kwa karibu kila kitu. Kisu cha kukunja kaa nacho mfukoni kwa chungwa la safarini. Kwa kazi ya damu, mafuta na magamba hakifai, kwani uchafu hujificha kwenye bawaba ambako maji na sabuni havifiki, na bawaba ikichoka kisu hujifunga juu ya vidole vyako mwenyewe.

Wengi hudhani unene ndio uimara. Mtu hushika kisu chenye mgongo wa milimita 5 akaona amepata cha maisha. Akifika nyumbani akakitia kwenye kiazi, kiazi kinapasuka badala ya kukatika, karoti inaruka mpaka sakafuni, nyanya inasagika. Kisu kile si kibovu. Kina kazi ya kupasulia kuni, na jikoni hakuna kuni za kupasua kwa kisu. Kwa kazi ya nyama na mboga, mgongo wa milimita 2 hadi 3 ni mzito wa kutosha, ilimradi chuma kipungue unene polepole kuelekea kwenye makali.

Uimara wenyewe uko ndani ya chuma, mahali ambapo jicho halifiki. Chuma kigumu sana hushika makali, lakini kikigonga mfupa humeguka. Chuma laini hakimeguki, ila makali yake hulala baada ya kitunguu cha tatu. Mhunzi hutafuta njia ya katikati kwa moto: hukipasha chuma mpaka kiwe chekundu, hukizamisha ghafla kiwe kigumu, kisha hukipasha tena kwa moto mdogo ili kipunguze ukaidi. Moto huo wa pili hauonekani kwenye kisu kilichokwisha kupigwa msasa, na ndiyo sababu huwa wa kwanza kurukwa na mtu mwenye haraka ya kuuza.

Kuna kisa cha Sheffield, mji wa Uingereza ulioishi kwa visu karne nyingi. Mwaka 1913 Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Akapata chuma chenye kromiamu karibu asilimia 13, akaona hakishiki kutu kwa urahisi, wazo lake likaenda kwenye visu vya mezani. Mafundi wa mji wakavifua visu vya mwanzo, vikatoka vizuri, vinang'aa, na havikukata. Watu wakamtania Brearley kwamba ndiye aliyevumbua visu visivyokata. Chuma kilikuwa na kila sifa njema, ila kilitaka moto wake, tofauti na ule ambao mafundi walikuwa wameurithi kwa baba zao. Walipoujua, visu visivyoshika kutu vikaenea duniani kote. Nawakumbusha kisa hiki kwa sababu meza za soko letu bado zina visu vya aina ile ya mwanzo. Kutoshika kutu ni sifa moja, kukata ni sifa nyingine, na muuzaji hukusifia ile moja ili usiulize ya pili.

Hapo nawapa siri ya bucha. Bebeni sumaku ndogo, hata ile ya spika ya redio iliyokufa. Vijiko na sufuria nyingi nzuri hutengenezwa kwa chuma chenye kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8. Chuma hicho hakishiki kutu, lakini hakikubali kufanywa kigumu kwa moto, na kwa kawaida sumaku hukitelezea bila kukishika. Kisu kilichokatwa kwenye bati la namna hiyo kitang'aa mpaka kiama na kitunguu kitakishinda. Sumaku isiponasa, rudisha kisu mezani, mshukuru muuzaji, nenda zako. Ikinasa, usifurahi bado. Maana yake ni kwamba kisu kimeruhusiwa kuingia kwenye usaili.

Kisu chenye kaboni ya kutosha, hata kama kitashika kutu ukikizembea, mara nyingi ndicho rafiki wa mtu wa kipato kidogo. Wahunzi wetu hawatupi springi ya lori. Springi ile imetengenezwa kupinda na kurudi chini ya tani za mzigo, ina kaboni karibu asilimia 0.6, na ikipata fundi anayejua moto hutoa kisu ambacho mjukuu atakikuta. Wahunzi wa Kichagga wa Mamba na Marangu, ambao mababu zao waliwafulia Wamaasai mikuki, bado kuna wanaofua kwa nyundo na mivukuto. Kisu cha mhunzi hakina sanduku la karatasi wala jina la kizungu. Mgongo wake una alama za nyundo, bapa lake ni jeusi nusu, na kwa hiyo vijana hukipita wakidhani ni cha kishamba. Ninyi simameni. Muulizeni mzee amekifua kwa chuma gani. Akiwaambia springi, na akawaonyesha kipande kilichobaki pale chini, hapo mna mazungumzo ya bei.

Sasa mpini. Huko ndiko ajali nyingi zinakozaliwa, na huko ndiko watu hutazama mwisho. Siku hizi kila muuzaji amejifunza kusema kwamba chuma chake kinakwenda mpaka mwisho wa mpini. Ikiwa kweli, ni jambo jema: utaona ukingo wa chuma kati ya vibao viwili, na ribiti mbili au tatu zilizopenya upande hadi upande. Zipapase kwa kidole gumba. Ribiti ya kweli imelala sawa na mti, haikwaruzi, haichezi. Ya uongo ni kofia tu iliyobandikwa juu ya plastiki. Ila msiifanye habari hiyo kuwa dini. Huko Uswidi, katika pande za Mora, kuna visu vya bei nafuu ambavyo kiwanda chao cha kale kilianza mwaka 1891, na katika vingi vyavyo chuma hakifiki mwisho wa mpini. Maseremala na wavuvi wa huko wanavitumia kila siku na havichomoki. Hata kisu cha mhunzi wetu, chuma chake huchongwa kwa nyuma, hupashwa moto, hupigwa ndani ya mpini wa mti, kisha pete iitwayo noleo hubana shingoni mti usipasuke. Mpini ukioza unatia mwingine. Kinachotakiwa ni kiungo kilichobana. Tazama pale chuma kinapoingia kwenye mpini: ukiona mwanya, hata wa unene wa ukucha, maji ya samaki na chumvi yataingia humo kila siku, kutu itakula gizani, na kisu kitakuja kukatika siku ambayo umekiamini zaidi.

Nilimshuhudia mama mmoja gatini, mpasua samaki hodari, mwenye mikono ya haraka kuliko macho yangu. Kisu chake kilikuwa na mpini mwekundu wa plastiki, kipya, wala hakina mwezi. Kilikuwa kimeanza kuwa butu na soko lilikuwa limechangamka, basi akawa anaongeza nguvu badala ya kusimama anoe. Alipofika kwenye kichwa cha nguru akaegemea kwa mwili mzima. Mpini ukaachia. Kiganja kikateleza mbele juu ya makali, kano la kidole kidogo likakatika. Alishonwa, akachomwa sindano ya pepopunda, akakaa nyumbani wiki kadhaa bila kipato, watoto wakala kwa mkopo wa jirani. Kidole kile hakikunji mpaka leo. Ukijumlisha nauli, dawa na siku zilizopotea, kisu kile ndicho kisu ghali kuliko vyote vilivyopata kuuzwa pale gatini. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Kwa mama yule rahisi ilivunja na mkono.

Kwa hiyo mpini ujaribiwe ukiwa na maji. Muombe muuzaji maji kidogo, lowesha kiganja, kamata kisu, sukuma ncha kwenye ubao wa meza taratibu. Mkono ukielekea mbele kwenye makali, kisu hicho si chako. Mpini mzuri hunenepa kidogo tumboni na kuwa na kizuizi kabla ya bapa. Mpini laini ung'aao kwa vanishi unapendeza ukiwa mkavu, lakini kazi ya kisu ni kazi ya mikono yenye majimaji.

Vijana wa kiume nina neno lao. Mwaka 1982 ilitoka filamu ya First Blood, na shujaa wake Rambo akaingia mpaka kwenye vibanda vyetu vya video. Tanzania ilifika mahali mifuko ya plastiki ikaitwa Rambo. Toka hapo sokoni hapajakosekana kisu chenye meno ya msumeno mgongoni, mpini mtupu ndani wa kuwekea ndoana na viberiti, na dira mwishoni. Naelewa kinavyouvuta moyo wa kijana. Nami nilikuwa na moyo huo. Lakini viigizo vile vya mezani, mpini ukiwa mtupu, bapa linashikiliwa na skrubu moja au gundi. Meno yale hayapasui mti, yanang'ang'ania tu. Na kijana anayetembea na kisu kirefu kiunoni mjini hutafutwa na ugomvi hata kama yeye hautafuti. Kisu cha kazi kikae alani, ndani ya kikapu, kikielekea kazini au kikirudi nyumbani.

Ukishaipata saizi, chuma na mpini, kinyanyue kisu mpaka kwenye jicho, funga moja, tazama urefu wake kama seremala anavyotazama ubao. Kama kimejipinda kushoto au kulia, rudisha. Kisha elekeza makali kwenye mwanga. Makali yaliyo tayari hayaonekani, ni giza tu. Popote utakapoona kistari kinachometa, hapo ni butu. Kisu kipya kuwa butu kidogo si kosa, kwa kuwa hilo lina dawa. Kisu kilichopinda, chenye mwanya shingoni, au ambacho sumaku imekikataa, hakina dawa. Bei ya kisu kizuri, kwa uzoefu wangu, haihitaji kuzidi sana bei ya kilo mbili za nyama. Zaidi ya hapo, mara nyingi unalipia sanduku.

Na siku hiyo hiyo, kabla hujatoka sokoni, nunua kinoo. Naona watu wanavyonoa kwenye ukingo wa baraza. Saruji ina mchanga mkubwa. Inakwangua chuma na kuacha makali yenye mapengo, yanayorarua leo na kugoma kesho. Kinoo kizuri kina pande mbili, wa chembe kubwa na wa chembe laini. Ukikosa pesa ya kinoo leo, pindua kikombe cha kauri: duara la kitako lisilo na rangi linanoa vizuri. Kuhusu mwinamo, chukua pembe ya karatasi, ikunje katikati, ikunje tena. Pembe inayobaki ndiyo uinue mgongo wa kisu kiasi hicho. Sukuma taratibu, upande mmoja mpaka usikie kwa kidole gumba unyuzi mwembamba wa chuma upande wa pili, kisha geuza. Mwishoni pitisha mara chache kwenye upande laini bila kukandamiza. Nyanya iliyoiva ikikatika kwa uzito wa kisu chenyewe, umemaliza.

Fundi wa kunoa anayepita na baiskeli ni mtu wa heshima na ana kazi yake, hasa kisu kikishakuwa na mapengo. Msimame naye tu. Akilikaza jiwe cheche zikaruka kwa wingi, tazameni ukingo wa kisu: ukigeuka rangi ya majani makavu, mwambieni apunguze, ukigeuka samawati, ule ugumu ambao mhunzi aliutafuta kwa moto na maji umekwisha kuondoka pale. Kisu kitatoka kwake kinakata nywele na kesho kutwa kitakuwa butu, nanyi mtamlaumu mhunzi asiyekuwepo. Mwombeni achovye majini kila baada ya mpito mmoja au miwili. Mafundi wazuri hufanya hivyo bila kuombwa.

Nyumbani, katieni kwenye ubao wa mti. Sahani ya kauri, sinia, ndani ya sufuria, sakafu ya saruji, vyote ni maadui wa makali, na ndivyo ninavyoviona vikitumika kila jikoni ninapokaribishwa chakula. Nazi ivunjwe kwa mgongo wa panga au jiwe. Kopo lina kifunguzi chake. Mfupa liachieni shoka. Kisu cha chuma cha kaboni kikikata ndimu au embe bichi, kipanguseni pale pale, kwani tindikali hukigeuza kijivu na buluu. Rangi hiyo haina ubaya, ila wekundu wa kutu sugueni kwa majivu na kumbi la nazi mpaka uishe. Osheni, kausheni kwa kitambaa, pakeni tone la mafuta ya nazi. Kwetu pwani hewa yenyewe ina chumvi, na kisu kinachoachwa kwenye karai mpaka asubuhi kinaamka mgonjwa. Ala ya ngozi ni nzuri kwa safari, lakini msikilaze kisu humo siku nyingi, maana ngozi hukaa na unyevu.

Najua mtasahau nusu ya haya. Mtaacha kisu kwenye karai, mtafungulia kopo, mtanoa kwenye baraza usiku wageni wakiwa wameshafika. Kisu kizuri husamehe mengi hayo; kinavumilia, kinarudi kwenye kinoo, kinaendelea. Kadiri kinavyonolewa miaka ikipita kinapungua upana, na kazi yake inabadilika pamoja nacho. Kile kilichokuwa cha kuchinjia kinakuwa chembamba, kinafaa kuchambulia nyama kwenye mfupa. Kikipungua tena kinahamia kwa samaki. Mwisho kinabaki kifupi, chepesi, mpini umeshabadilishwa, na bibi mmoja ndani ya nyumba anakimiliki kwa vitunguu vyake na haruhusu mtu mwingine kukishika.